Siti binti Saad: Sauti Tunayoifundisha Bila Kuisikia

Kwa miaka mingi katika mitihani yetu ya fasihi tumekuwa tukiuliza swali moja ambalo nadhani kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu analikumbuka: "Eleza sifa za Siti binti Saad kwa mujibu wa Shaaban Robert." Majibu nayajua kabla ya kufungua karatasi. Alikuwa mpole, mvumilivu, mwenye heshima, mkarimu, hakujivuna. Nimetoa alama kwa majibu hayo nikiwa nimetulia kabisa, na katika muda wote huo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeandika kwamba Siti alikuwa na sauti ya namna gani. Wala mimi sikuwahi kuuliza.

Makala haya yanahusu kosa hilo. Yanahusu pia jambo ambalo kitabu chenyewe kimetusaidia kulikosea, kwani hata mwandishi mkubwa kama Shaaban Robert anaweza kutuongoza kwenye mlango usio sahihi wa nyumba iliyo sahihi.

Wengi wanaufahamu mwanzo wa habari, kwa hiyo nitaupita haraka. Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa, na jina hilo lilisema mengi juu ya hali ya watu wake. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Tabora kwa Wanyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini. "Siti," yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata baadaye, baada ya watu kumsikia.

Hapa sisi wa Bujumbura tusimame kidogo. Tabora ilikuwa njiani. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji ndiyo iliyokileta Kiswahili kando ya ziwa letu, na kutoka Ujiji kikapanda mitumbwi na majahazi hadi Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo. Watu wa Buyenzi ni matunda ya njia ileile iliyompeleka Saad au wazee wake upande wa pili, baharini. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema kwamba habari za Siti ni za "Waswahili wa kule" hajaitazama ramani vizuri.

Sasa niingie katika kiini. Siti alipoingia mjini alikuwa na umri wa miaka kama thelathini na moja. Hakuwa amesoma shule. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilikuwa ikijulikana tangu alipokuwa akinadi vyungu vyake njiani, lakini kunadi si kuimba, na kuimba vugo harusini si kuimba taarab. Aliyemsikia na kuamua kumfundisha ni Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Nadi Ikhwan Safaa, kile chama cha taarab kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905. Taarab ya wakati huo iliimbwa kwa Kiarabu. Ilitoka katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyempeleka Misri kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze kanuni na kurudi nayo. Ulikuwa muziki wa wenye nyumba za mawe, wenye kanuni, udi na fidla, na wenye mwalimu na mwanafunzi. Ukiniuliza kama pwani yetu ina muziki unaostahili kuitwa wa jadi iliyosomewa, kama Wahindi walivyo na wao na Wazungu walivyo na wao, nitakujibu kwamba ni huu.

Basi mtazame mwanamke huyu. Ni mtu mzima, hana herufi hata moja, anatoka shamba, na anataka kuimba kwa lugha asiyoizungumza mbele ya watu wanaoizungumza. Wale wanaojua Kiarabu watamcheka atakapoikosea ayn, au atakapoichanganya ha nzito na ha nyepesi. Atajifunzaje? Kwa sikio. Anaambiwa, anarudia, anasahihishwa, anarudia tena, mpaka koo lenyewe likumbuke. Waalimu wenzangu, hiyo ni mbinu ya kufundisha lugha. Tunaiita kwa majina makubwa kwenye semina, lakini Ali Muhsin na mwanafunzi wake waliifanya bila semina.

Matokeo yake yalikuwa mwimbaji wa lugha tatu. Aliimba Kiarabu kwa namna iliyokubalika katika majumba ya Waarabu na katika kasri ya Sultani Khalifa bin Haroub. Aliimba Kihindi mbele ya wafanyabiashara wa Kihindi. Kisha akafanya lile lililomtofautisha na wote: akaikalisha lugha ya Kiswahili kwenye kiti cha taarab, katikati ya udi na fidla, na kuiimba kwa ufundi uleule. Wako wanaosema kwamba Siti ndiye wa kwanza kuimba kwa Kiswahili. Naomba tuliache dai hilo. Vugo, gungu, nyimbo za unyago, nyimbo za kutwanga, zote zilikuwa za Kiswahili karne nyingi kabla yake. Alichokifanya ni kigumu zaidi kuliko kuwa wa kwanza. Aliichukua lugha iliyodharauliwa katika ukumbi fulani, akaiingiza humo bila kuishusha sauti.

Mwaka 1928 yeye na wenzake, akina Mbaruk, Subeti Ambar, Buda Swedi na Maalim Shaaban, walisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Alikuwa na miaka karibu hamsini. Santuri hizo zikaenea Afrika Mashariki yote, zikachezwa katika migahawa ya kahawa na katika nyumba ambazo hazikuwa zimewahi kumwona mwimbaji wa Unguja. Hadi leo tunapotaka kumsikia ni hizo tunazozikimbilia, zikiwa zimesafishwa makwaruzo kadiri inavyowezekana.

Lakini nina neno juu ya santuri. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua dakika kama tatu tu. Wimbo wa taarab barazani hauna dakika tatu. Beti zinarudiwa, udi unajibu, msikilizaji anatuza, mwimbaji anarudi kwenye mshororo uliompendeza mtuzaji na kuuzungusha kwa namna nyingine. Huko Bombay ilibidi wakate. Tunachokisikia basi ni Siti aliyepunguzwa, kama mtu aliyepigwa picha akiwa amejikunja apate kuingia ndani ya fremu. Mhakiki anayesema kwamba nyimbo zake "ni fupi na za kujirudia," kama nilivyowahi kusoma katika insha moja ya mwanafunzi, anahakiki urefu wa santuri.

Hata hivyo, katika dakika hizo tatu kuna somo zima la arudhi. Shairi la taarab kwa kawaida lina mishororo mitatu katika kila ubeti, na kila mshororo umegawanyika vipande viwili vya mizani nane nane, vyenye vina vya kati na vya mwisho. Darasani tunawahesabisha wanafunzi mizani hizo kwa vidole. Wanafika kumi na sita, wanafurahi, wanasahau. Sikiliza jinsi Siti anavyofika kwenye kina. Haishii pale, anakaa pale. Irabu ya mwisho inavutwa, inapanda kidogo, inashuka, kisha fidla inaichukua mdomoni mwake. Kina cha kati anakigusa na kukiacha, akituachia hamu. Ukimsikiliza mara mbili huhitaji kuhesabu tena. Sikio linakwambia kipande kimetimia au kimepungua. Nilijaribu jambo hili na darasa la mwaka wa pili. Wanafunzi walioshindwa kwa wiki tatu kutofautisha kina na kituo walilipata jambo hilo katika saa moja, na mmoja akanung'unika, kwa haki kabisa, kwa nini sikuanza hivyo.

Turudi kwenye kitabu. Shaaban Robert alimwendea Siti katika miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki tarehe 8 Julai 1950, na Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa kwanza mwaka 1958. Ni kazi yenye thamani kubwa, na si rahisi kutaja wasifu wa mwanamke wa Kiafrika ulioandikwa kwa lugha ya Kiafrika kabla yake. Bila kitabu hicho tungekuwa na jina na makwaruzo ya santuri tu. Ninapokikosoa nakikosoa nikiwa nimekishika kwa mikono miwili.

Ukosoaji wangu ni huu. Shaaban Robert alikuwa mshairi wa maadili. Popote alipotazama aliona fadhila na dosari zikipigana, kama katika riwaya zake. Alipomtazama Siti aliona fadhila, akaziandika kwa Kiswahili ambacho bado kinatutia wivu. Umaskini wake ukawa kipimo cha subira. Wapinzani waliomkejeli kwamba hana sura, na kwamba aliingia mjini amevaa kaniki, wakawa kipimo cha upole wake. Nyimbo zenyewe zikawekwa kwenye ukurasa kama mashairi, zikiwa zimenyooka na kimya. Msomaji anamaliza kitabu akiwa amempenda Siti kama dada mwema, lakini hajui kazi yake ilifanywaje. Mazoezi yalikuwa saa ngapi? Nani alitunga nini? Sauti ilitunzwaje alipofikia miaka hamsini? Nyimbo nyingi, kwa masimulizi ya waliofuatilia, zilitungwa kwa pamoja nyumbani kwake, wenzake wakileta habari za mji na maneno, yeye akileta sauti na uamuzi wa mwisho. Hiyo ni karakana. Kitabu kinatuonyesha zaidi mtu mwema kuliko karakana.

Kuna kingine kinachofifia humo, nacho ni ukali. Wimbo wa Kijiti unahusu kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, aliuawa baada ya kutoka usiku na watu aliowaamini. Aliyetuhumiwa akatoroka kwenda bara, na waliokuwa wameandamana na marehemu wakabaki kukabiliana na mahakama. Siti aliimba habari hiyo katika mji uleule ulioishuhudia, mbele ya watu waliowajua wahusika kwa majina. Hakuna upole hapo. Nyimbo zake nyingine ziliwagusa makarani, mahakimu na wenye fedha. Mwanafunzi anayejibu kwamba Siti "alikuwa mpole, mvumilivu" amejibu sawasawa kwa mujibu wa swali langu, na swali langu ndilo lililokuwa na kasoro.

Na ualimu wake? Hapa mambo yanakuwa mazuri zaidi. Siti hakufungua shule, hakuandika mtaala. Lakini kuna msichana aliyejulikana kwa jina la Fatuma binti Baraka, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Bi Kidude. Mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba nyimbo zake alizipata kwa kumsikiliza Siti. Bi Kidude alifariki Aprili 2013 akiwa mkongwe ambaye hakuna aliyejua kwa hakika umri wake. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na mwaka uliofuata ikatoka filamu juu yake, As Old as My Tongue. Aliendelea kuuimba wimbo wa Kijiti miongo kadhaa baada ya mwalimu wake kuzikwa.

Msikilizeni mmoja baada ya mwingine. Siti ni mwembamba wa sauti, amepanda juu, kila silabi imekatwa kwa kisu kikali. Huyo ni mtu aliyefundishwa kwamba matamshi yakikosewa atachekwa. Bi Kidude ni mzito, sauti inatoka kifuani na inakwaruza, na kama ngoma ikija karibu anaitupa taarab na kuingia katika midundo ya msondo wa unyago, ambamo yeye mwenyewe alikuwa kungwi. Mwanafunzi hakumwiga mwalimu. Alichukua maneno, alichukua lahani, akaacha koo la mwalimu lilale na mwenyewe. Kwa kipimo changu huo ni ushahidi wa ualimu mzuri kuliko kama angetoka Siti wa pili. Leo Unguja kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambapo kijana anaweza kusomea kuimba taarab kwa ratiba na mtihani. Nafurahi kwamba kipo. Ila natumaini hakitawafanya wote watoe sauti moja.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniumiza kama mwalimu wa hapa, maana ningeweza kuandika haya yote na kubaki mtazamaji. Tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wanafunzi wanaokuja kusomea kufundisha Kiswahili wamekuwa wa aina mbili, na tusijifiche. Wapo waliokulia Buyenzi na mitaa jirani, wanaokisema tangu utotoni, na tunawaambia kwamba Kiswahili chao kimeharibika. Wapo waliotoka milimani, waliokutana nacho kwenye kitabu, na tunawaambia kwamba lafudhi yao ni ya Kirundi. Wote wawili wanajifunza kunyamaza.

Nina mwanafunzi mmoja, sitamtaja, aliyesema "kurara" kila alipotaka kusema "kulala." Nilimsahihisha mbele ya wenzake, wakacheka. Baadaye nilikaa nikafikiri. Kwa Kirundi "kurara" ni neno halali, nalo ni kulala usiku, ni ndugu wa damu wa neno la Kiswahili. Kijana yule hakuwa amekosea ovyo. Alikuwa amesimama kwenye daraja kati ya lugha mbili dada, na mimi nikamsukuma. Hakuzungumza tena darasani kwa muhula mzima. Insha zake zilikuwa safi.

Siti naye alichekwa kwa asili yake, kwa nguo yake, kwa sura yake. Lakini aliyemfundisha alimsahihisha ulimi bila kumnyang'anya koo. Tofauti hiyo ndiyo niliyoikosa, na sikuipata katika Wasifu ingawa nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niliipata nilipokuwa nikisikiliza rekodi moja usiku, umeme ukiwa unakwenda na kurudi, na nikatambua kwamba herufi zake za Kiarabu ni safi kabisa ilhali namna anavyovuta irabu ni ya mwanamke wa shamba Unguja, wala hakuificha.

Mtu ataniuliza: kwa nini twende mpaka Unguja, wakati mji huu wenyewe umetoa mwimbaji wa Kiswahili aliyesikika duniani? Ni kweli. Khadja Nin alizaliwa hapa Bujumbura mwaka 1959, na albamu yake ya Sambolera ya mwaka 1996 ilipeleka Kiswahili katika redio za Ulaya kwa wasikilizaji ambao hawakuelewa neno. Wanafunzi wanampenda, na wana haki. Kiswahili chake kina harufu ya hapa, kimepakana na Kongo na Kirundi, wala hakiombi radhi. Siku moja nitaandika juu yake peke yake, kwani anastahili zaidi ya aya moja. Kwa sasa nasema tu kwamba kati ya hao wawili kuna jambo la kulinganisha ambalo lingewafaa wanafunzi kuliko orodha ya fadhila. Mmoja aliingia katika muziki wenye kanuni kali na kuzitii mpaka zikawa zake. Mwingine aliichukua lugha akaipeleka katika muziki ambao haukuwa na kanuni yoyote juu ya lugha hiyo. Nani alipata uhuru zaidi? Mimi naelekea kwa Siti, na najua baadhi ya wenzangu hapa idarani watanikatalia kwenye chai.

Muhula uliopita nilibadilisha swali la mtihani. Nilileta redio ndogo ya kanda na sahani, nikacheza upande mmoja wa santuri mara tatu, kisha nikawaandikia ubaoni: "Onyesha mahali ambapo mwimbaji ameuchelewesha mshororo, na ueleze kwa nini unadhani amefanya hivyo." Wapo waliolalamika kwamba swali halikuwa kwenye muhtasari. Wapo walioandika kurasa nne. Yule kijana wa "kurara" alikuja ofisini baada ya mtihani, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, pale katikati ameshikilia irabu, mimi nadhani anawasubiri waliochelewa kufika." Nikamwambia aingie, akae, anionyeshe ni pale wapi.